Kiti Kilichofutwa
Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alifariki Septemba 18, 2020, uchaguzi ukiwa umebaki wiki sita na ushei. Siku mbili baadaye Spika Nancy Pelosi aliulizwa kwenye televisheni kama Baraza la Wawakilishi lingemshtaki tena Rais Trump, ili Seneti ichelewe kumthibitisha mrithi wa Ginsburg.

Hakukataa.

Kanuni za Seneti zinataka kesi ya kumwondoa rais ianze siku inayofuata baada ya mashtaka kuwasilishwa, iendelee kila siku isipokuwa Jumapili. Ila maseneta wengi wakitaka, wanaweza kuamua vinginevyo, na hapo ndipo mbinu hiyo ilipokuwa dhaifu. Mashtaka hayakuletwa, na Amy Coney Barrett, aliyeteuliwa na Trump kumrithi Ginsburg, alithibitishwa Oktoba 26 kwa kura 52 dhidi ya 48.

Katika kumzuia rais kujaza kiti cha mahakama hiyo, Bunge la 1866 lilikuwa kali zaidi. Rais Andrew Johnson alipomteua Henry Stanbery kukalia kiti cha marehemu jaji John Catron, wabunge walipunguza majaji wa Mahakama ya Juu kutoka 10 hadi 7, kiti chenyewe kikafutika. Stanbery akawa Mwanasheria Mkuu, kisha mwaka 1868 akajiuzulu ili amtetee Johnson aliyeshtakiwa mbele ya Seneti. Johnson alinusurika kwa kura moja. Alipotaka kumrudisha Stanbery kwenye wadhifa wake, maseneta wale wale walimkataa.