Friedrich Müller na Bikira Maria wa Dresden

Picha ya Raphael iitwayo Bikira Maria wa Mtakatifu Sisto ilifika Dresden mwaka 1754, baada ya Augustus wa Tatu, mtawala wa Saxony, kuinunua kwa watawa wa Piacenza, Italia. Ilipokwisha kutundikwa, waliobahatika kuiona walikuwa wakazi wa mji na wasafiri wenye fedha. Wengine wote barani Ulaya waliijua kwa kusimuliwa, au kwa chapa chache za karatasi. Kamera haikuwapo bado. Picha ikitaka kusafiri, ilimhitaji mtu wa kuichonga upya, mstari kwa mstari, juu ya bamba la shaba nyekundu.

Johann Friedrich Wilhelm Müller, aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote kabla yake, alizaliwa Stuttgart mwaka 1782. Ufundi huo hakuufuata mbali, aliukuta nyumbani. Baba yake, Johann Gotthard Müller, alijifunza Paris kwa Johann Georg Wille, Mjerumani aliyeheshimiwa sana katika mji ule, na mwaka 1776 akapokelewa na Akademia ya Kifalme ya Ufaransa. Baadaye Karl Eugen, mtawala wa Württemberg, alimweka Stuttgart awafundishe vijana kuchonga. Mzee huyu ndiye aliyechonga sura ya Mfalme Louis wa Kumi na Sita, na vita vya Bunker Hill kutokana na picha ya Mmarekani John Trumbull. Mtoto wa baba kama huyo hapewi nafasi ya kuwa fundi wa wastani.

Kazi yenyewe haina huruma. Bamba husuguliwa mpaka ling'ae, kisha mchoro huhamishiwa juu yake ukiwa umegeuzwa, kulia kuwa kushoto, ili chapa itoke sawa. Mchongaji hushika burini, kipande cha chuma kigumu chenye ncha iliyokatwa mshazari na mpini unaokaa kiganjani, akakisukuma mbele huku mkono wa pili ukilizungusha bamba. Akibonyeza, mstari hunenepa, akilegeza, hukonda. Kivuli hupatikana kwa mistari inayokatana, na ngozi ya binadamu kwa mistari inayopinda kufuata shavu au bega, na nukta zilizopandwa katikati. Akikosea, hana budi kukwangua mahali pale, kuligonga bamba kwa nyundo kutoka nyuma ili shaba iinuke, na kuanza tena. Baada ya yote hayo ndipo wino hupakwa, uso ukafutwa ili wino ubaki ndani ya mifereji tu, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu, na vyote vikapitishwa kati ya magogo ya mashine ya chapa.

Mwaka 1802 Friedrich alikwenda Paris. Wakati haukuwa wa kawaida: majeshi ya Napoleon yalikuwa yamekusanya picha za Italia na kwingineko na kuzirundika Louvre, hivyo kijana wa karibu miaka ishirini aliweza kuona chini ya paa moja hazina ambazo baba yake angezitafuta kwa miezi ya safari. Uporaji ule uliwanufaisha sana wachongaji, jambo ambalo wanahistoria wa sanaa hulitaja kwa sauti ya chini. Mwaka 1808 alitoa Mtakatifu Yohana Mwinjili, kutokana na picha ya Domenichino, na jina lake likaanza kusimama lenyewe.

Kisha mfanyabiashara wa chapa wa Dresden, Rittner, akampa kazi ya Bikira Maria. Friedrich alichonga kwa kufuata mchoro wa Apollonia Seydelmann, mwanamke fundi aliyejulikana kwa michoro yake ya wino wa hudhurungi. Lakini mchoro haukumtosheleza. Alikwenda kuiona picha kwa macho yake, akasafiri hadi Italia kumsoma Raphael, na mwaka 1814 akateuliwa profesa katika akademia ya sanaa ya Dresden. Kwa miaka kadhaa bamba hili ndilo lililotawala maisha yake. Baba alikuwa na mkono mwepesi zaidi, kwa maoni yangu. Mwana alikuwa na ukaidi ambao baba hakuwa nao, na ukaidi huo unaonekana katika macho ya mtoto aliyebebwa na Maria, ambayo chapa nyingine huyafanya yawe matamu mno.

Bamba lilipokamilika, akili yake ilikuwa imeshavurugika. Alipelekwa Sonnenstein, ngome iliyo juu ya mji wa Pirna, iliyofunguliwa mwaka 1811 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alifia huko Mei 1816, akiwa na miaka 33. Inasimuliwa kwamba chapa ya kwanza ilitundikwa juu ya kichwa chake alipolazwa maiti. Hadithi hiyo ilisaidia sana biashara. Johann Gotthard aliishi hadi 1830.

Shaba ni laini, na kila chapa huipunguza kidogo. Ndiyo maana wanunuzi waligombea nakala za mwanzo, na zaidi zile zilizotolewa kabla ya majina kuchongwa ukingoni. Picha ile ile iliwavuta wengine baadaye: Moritz Steinla alitoa yake mwaka 1848, na Eduard Mandel wa Berlin alitumia miaka yake ya mwisho juu yake, akafariki mwaka 1882, chapa ikauzwa mwaka uliofuata. Wakati huo duka lolote la picha Dresden lilikuwa likiuza Bikira Maria aliyepigwa kwa kamera.

Hata hivyo bamba la Müller limebaki na ushahidi ambao kamera haikuwahi kuupata. Katika chapa yake, pazia la kijani linaning'inia bila fimbo. Alipochonga, ukingo wa juu wa turubai, wenye fimbo hiyo, ulikuwa umekunjwa nyuma ya fremu, na ulikunjuliwa tu Pietro Palmaroli alipoikarabati picha hiyo mnamo 1827. Anayetaka kujua wageni wa Dresden waliona nini hasa kabla ya hapo, huiangalia karatasi ya Müller.