Nyumba ya Mwisho, Rillington Place

Ukitafuta Rillington Place kwenye ramani ya London ya leo, hutaipata. Ilikuwa barabara fupi isiyo na njia ya kutokea, katika eneo la Notting Hill, magharibi mwa jiji, na mwisho wake kulikuwa na ukuta wa kiwanda. Nyumba namba 10 ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mwaka 1954 barabara hiyo ilipewa jina jipya, Ruston Close. Miaka ya 1970 nyumba zake zikabomolewa, mpangilio wa mitaa ukabadilishwa, na sasa eneo hilo lina nyumba mpya kando ya Bartle Road. Hata hivyo, watu bado huenda kulitafuta, kwa sababu John Christie, mmoja wa wauaji wa mfululizo wanaojulikana zaidi Uingereza, aliishi hapo kwa miaka 15 na alikiri kuua wanawake saba.

Nasomea shahada ya uzamili katika historia, na nimekuwa nikifuatilia sheria ya kunyonga ambayo Waingereza walituletea Afrika Mashariki. Ndivyo nilivyofika kwenye nyumba hii. Nikiwatajia wenzangu, swali lao la kwanza huwa ni Christie: alikuwa mtu wa aina gani? Mimi swali langu ni jingine. Nani waliishi humo pamoja naye, na neno la nani liliaminiwa?

Ilikuwa nyumba nyembamba ya ghorofa tatu, haina bafu. Choo kilikuwa kimoja, nje, uani, kikitumiwa na wapangaji wote, na kando yake palikuwa na kibanda cha kufulia. Aliyewahi kupanga chumba kwenye ploti yenye choo kimoja anajua maisha hayo: huwezi kwenda msalani bila kupita mlango wa jirani. Kila aliyetoka au kuingia alipita penye vyumba vya chini, na vyumba vya chini vilikuwa vya Christie na mkewe Ethel.

Christie alikuwa na rekodi ya uhalifu. Alikuwa amefungwa kwa wizi, na mwaka 1929 alifungwa kwa kumpiga mwanamke kichwani kwa gongo la kriketi. Lakini vita vilipoanza mwaka 1939, polisi walimwajiri kama askari wa akiba bila kuchunguza rekodi hiyo, na mtaani akawa mtu wa serikali. Mwaka 1943 alimuua Ruth Fuerst, msichana kutoka Austria, na mwaka 1944 Muriel Eady. Wote wawili aliwazika katika bustani ya nyuma.

Mwaka 1948 ghorofa ya juu ilipangwa na Timothy Evans, kijana wa Wales ambaye hakujua kusoma vizuri, pamoja na mkewe Beryl. Mwaka huo huo walipata mtoto, Geraldine. Novemba 1949 Evans aliingia katika kituo cha polisi huko Wales akasema mkewe amekufa. Maelezo yake yalibadilika mara kadhaa: mara alisema alimpa dawa ya kutoa mimba, mara akasema Christie ndiye aliyejaribu kuitoa. Polisi walikuta miili ya Beryl na Geraldine, wote wamenyongwa, katika kile kibanda cha kufulia. Evans akakiri. Baadaye aliyakana maungamo hayo na kushikilia kwamba muuaji ni Christie.

Jambo ambalo sijaweza kulisahau ni la bustani. Polisi walifika katika nyumba hiyo kufanya upekuzi. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, ya kumalizwa kwa hatua chache, na ndani yake mfupa wa paja la binadamu ulikuwa wazi juu ya ardhi, ukitumika kuegemeza uzio. Hakuna aliyeutambua. Walikuwa wameshapata mtuhumiwa wao, na shahidi wao alikuwa askari wa zamani.

Januari 1950 Christie alisimama mahakamani kama shahidi mkuu wa upande wa mashtaka. Hukumu zake za zamani zilitajwa, lakini pia ilitajwa kazi yake ya upolisi wakati wa vita. Upande mwingine alikuwepo dereva wa gari la mizigo asiyejua kusoma vizuri, mwenye sifa ya kusema uongo. Jopo la raia lilitumia dakika 40 kuamua. Evans alinyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 9 Machi 1950, akiwa na umri wa miaka 25.

Mwaka huo huo nyumba ilinunuliwa na Mjamaika aitwaye Charles Brown. Notting Hill ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za London ambako watu waliotoka Karibi waliweza kupata chumba, kwa sababu nyumba zake zilikuwa zimechakaa na kwingineko wenye nyumba waliwakataa. Brown akapangisha ghorofa za juu kwa Wakaribi wenzake. Christie hakupenda kuishi na watu weusi, na hakuficha. Alilalamika, na kupitia kituo cha msaada wa kisheria kwa maskini akapata haki ya kuitumia bustani ya nyuma peke yake. Malalamiko ya ubaguzi yalionekana ya kawaida kabisa, yakapita bila maswali. Ndivyo makaburi mawili yalivyopata ulinzi wa kisheria.

Desemba 1952 Christie alimuua Ethel na kumweka chini ya mbao za sakafu ya sebule. Kati ya Januari na Machi 1953 aliwaua Rita Nelson, Kathleen Maloney na Hectorina MacLennan. Kisha akahama. Mwenye nyumba akamruhusu mpangaji wa juu, Mjamaika Beresford Brown, kutumia jiko lililoachwa. Tarehe 24 Machi 1953 Brown alikuwa akigongagonga ukuta akitafuta mahali pa kutundika redio yake. Sehemu moja ililia tupu. Akachana karatasi ya ukutani, akamulika tochi, akaona mgongo wa mwanamke. Miili mitatu ilikuwa ndani ya shubaka hilo.

Kwa hiyo aliyeifumbua nyumba hiyo ni mpangaji ambaye Christie hakutaka hata kukutana naye bustanini, na kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa kujipangia jiko. Christie alikamatwa wiki moja baadaye. Miongoni mwa aliyokiri ni kumuua Beryl Evans. Alinyongwa Pentonville tarehe 15 Julai 1953.

Mtu angetarajia kwamba sasa jina la Evans lingesafishwa haraka. Uchunguzi wa serikali uliofanyika mwaka huo huo ulisema Evans ndiye aliyewaua mkewe na mtoto wake, yaani wauaji wawili wa kunyonga waliishi katika nyumba moja bila kujuana. Jina la barabara lilibadilishwa mwaka 1954. Msamaha wa Evans ulitolewa mwaka 1966. Miaka 12 inatenganisha mambo hayo mawili.

Katika miaka hiyo hiyo, serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa ikinyonga pia. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati wa hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, wengi wao kwa makosa yasiyo ya mauaji, kama kukutwa na silaha. Dedan Kimathi, aliyenyongwa mwaka 1957, alihukumiwa kwa kukutwa na bastola. Mabaki ya Evans yalifukuliwa gerezani mwaka 1965 yakazikwa upya nje. Kimathi alizikwa Kamiti katika kaburi lisilo na alama.

Kesi ya Evans ilitajwa sana Waingereza walipokuwa wakijadili kuacha kunyonga wauaji. Walisimamisha adhabu hiyo mwaka 1965, na mwaka 1969 wakaifuta moja kwa moja. Sheria waliyotuachia sisi bado ipo. Kenya ilinyonga mara ya mwisho mwaka 1987 na Tanzania mwaka 1994, lakini adhabu ya kifo haijafutwa katika vitabu vya nchi zote mbili. Wanaoitetea husema huyu au yule ushahidi wake ulikuwa wazi. Wa Evans pia ulionekana wazi: maungamo, miili miwili, shahidi mwenye heshima. Laiti angefungwa maisha, siku Beresford Brown alipoichana karatasi ile ya ukutani Evans angekuwa hai, mwenye umri wa miaka 28.