Ukumbi mrefu na mwembamba: karatasi au rangi?

Nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ina ukumbi mrefu, mwembamba, usioingia jua. Nilibandika karatasi za ukutani pande zote mbili; masika yalipokwisha zilibanduka, zikang'oka na plasta ya zama za babu. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji na chumvi kutoka chini, na sharti zipumue. Rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani, kisha hufanya malengelenge.

Sasa nimerudia chokaa nyeupe ubavuni, maana nayo huleta mwangaza. Ukuta wa mwisho nimeupaka chokaa iliyotiwa udongo mwekundu: rangi nzito huusogeza karibu, ukumbi ukaonekana mfupi. Karatasi nawaachia wenye kuta kavu za mabloki, tena ukuta mmoja tu. Mamangu alinionya mapema. Nimelipa fundi mara mbili.