Ndege za Mabomu za Ufaransa, 1915 hadi 1918

Mwezi Aprili mwaka 1915 jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya sumu huko Ypres, nchini Ubelgiji, na askari wa upande wa Ufaransa wakafa mahandakini pasipo kumwona aliyewaua. Jibu la Ufaransa lilipitia angani. Alfajiri ya tarehe 27 Mei, ndege 18 za Voisin, zikiongozwa na Meja Louis de Goÿs, ziliruka kutoka karibu na Nancy kwenda kupiga viwanda vya kemikali vya Ludwigshafen, ndani ya Ujerumani yenyewe.

Ndege hizo hazikuwa na sura ya kutisha. Mabawa yake yalipangwa moja juu ya jingine, yakashikwa kwa nguzo na nyaya. Injini ilikaa nyuma, na mwendo haukuzidi sana kilomita 100 kwa saa. Mabomu yenyewe yalikuwa makombora ya mizinga yaliyofungwa mapezi. Hata hivyo viwanda vilipigwa, na ndege moja tu haikurudi: ile ya de Goÿs mwenyewe, ambayo injini yake iliharibika, naye akachukuliwa mateka.

Ushindi huo ulidanganya. Kabla ya mwaka kwisha, ndege za Fokker za Wajerumani zilikwisha kujua pa kushambulia: nyuma, ambako injini na rafadha ya Voisin vilimzuia mpiga rashasha. Ujasiri wa marubani haukupungua, ila ujasiri hauzibi mgongo ulio wazi. Ikabidi Voisin ziruke usiku.

Mgongo huo ulikuja kulindwa na Breguet 14, iliyojaribiwa mara ya kwanza Novemba 1916. Injini ya Renault ya nguvu za farasi 300 iliwekwa mbele, mpiga rashasha akaketi nyuma ya rubani, na mifupa ya ndege ikaundwa kwa sehemu kubwa kwa duralumini, metali nyepesi.

Mwezi Mei 1918 Jenerali Duval alikabidhiwa Divisheni ya Anga, na tarehe 15 Julai Wajerumani wakavuka mto Marne. Breguet zilishuka chini mno, zikapiga madaraja ya muda na mashua, huku bunduki za ardhini zikizilenga. Wengi hawakurudi. Tarehe 18 Wafaransa na Wamarekani walishambulia ubavuni, na usiku wa kuamkia tarehe 20 Wajerumani wakarudi ng'ambo waliyotoka.