Manowari Iliyopanda Hadi Kahe

Mtu wa Arusha akiaga kwamba likizo hii anakwenda kutazama manowari, majirani watadhani anatania. Sisi tunajulikana kwa mlima, kahawa na magari ya watalii. Habari za meli za vita tunawaachia watu wa Tanga na Unguja. Lakini mimi nimefanya kazi ya ufundi wa magari maisha yangu yote, na najua gari likishachomolewa spea halifi: linaendelea kutembea ndani ya magari mengine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Königsberg. Ukitaka kuitazama leo, itabidi ufuate spea zake, na baadhi zilifika huku kwetu, chini ya Kilimanjaro.

Königsberg ilikuwa manowari ya Kijerumani, ikashushwa majini huko Kiel mwaka 1905. Ilitia nanga Dar es Salaam Juni 1914, wiki chache tu kabla Ulaya haijawaka moto. Nahodha wake aliitwa Max Looff. Vita ilipotangazwa ilikuwa tayari imetoka bandarini, na mwezi Agosti ikaikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Uarabuni. Kisha ikapotea, na Waingereza wakaanza kuitafuta.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikajitokeza yenyewe mbele ya Unguja. Bandarini palikuwa na manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetulia ikitengenezwa injini. Kila nikisoma habari hii nawahurumia mafundi waliokuwa chini mle, mikono imejaa mafuta, huku juu makombora yanaanza kuanguka. Meli iliyofunguliwa injini haina pa kukimbilia. Tena Königsberg ilisimama mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika. Zaidi ya mabaharia 30 wa Kiingereza walikufa. Baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, ambako siku hizi watu wanakwenda kuogelea.

Sasa sikiliza maajabu ya mashine. Baada ya kuizamisha meli iliyoharibika injini, Königsberg nayo ikaharibika injini. Looff akaiingiza kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, na kipande kibovu kikafunguliwa, kikabebwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kikatengenezwa na kurudishwa. Nani alikibeba? Vitabu vingi vinataja majina ya maofisa, vinataja kina cha maji na uzito wa makombora, halafu wabebaji wanapewa nusu sentensi. Mtu aliyewahi kushusha injini ya Land Rover kwa mnyororo na mti wa mwarobaini ataelewa kwamba hiyo nusu sentensi ndiyo iliyobeba kazi nzima.

Waingereza waliipata, wakaziba midomo ya mto, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye maji mafupi. Ikabidi zivutwe kutoka mbali meli mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, na ndege za kuonyesha makombora yanakoangukia. Walipiga tarehe 6 Julai 1915, wakarudi tarehe 11. Siku hiyo Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli izamishwe na watu wake wenyewe.

Kwa Waingereza habari iliishia hapo. Kwa nchi yetu ndiyo kwanza ilianza. Maji ya Rufiji hayakuifunika meli yote, na Wajerumani wakaifungua mizinga yote kumi, kila mmoja wa milimita 105. Mamia ya wapagazi wakaikokota kwa kamba hadi Dar es Salaam, kupita matope na michanga ya Rufiji. Karakana ya reli ikaanza kuiundia magurudumu, kwa sababu mzinga wa manowari umetengenezwa kukaa juu ya sitaha, si kutembea barabarani. Mabaharia waliobaki wakageuzwa askari wa nchi kavu chini ya kamanda Paul von Lettow-Vorbeck. Mizinga ikasambazwa nchi nzima: Dar es Salaam, Ziwa Tanganyika, na mmoja ukaletwa kwenye reli ya Tanga, ukapandishwa hadi Kahe.

Kahe tunaijua wote. Ni kusini-mashariki ya Moshi, joto na mashamba ya mpunga, mahali unapopita bila kusimama. Machi 1916 palikuwa mahali pa kufa. Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza alikuwa ameshavuka kutoka Taveta baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata, na kikosi kingine cha Waingereza kilikuwa kimetoka Longido, kikapita kati ya Meru na Kilimanjaro. Tarehe 21 Machi walipigana Kahe kandokando ya mto Ruvu, na mzinga wa Königsberg ukiwapiga Waingereza. Usiku Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Pare. Mzinga haukuweza kuondoka nao, wakaulipua.

Haukupita mwezi, vita ikapita mlangoni petu hasa. Jenerali van Deventer, wa upande huohuo wa Waingereza, alitoka Arusha mwanzoni mwa Aprili na askari wake wa farasi, akawateka Wajerumani waliokuwa juu ya kilima cha Lolkisale, akaendelea hadi Kondoa Irangi. Masika ikaanza. Anayejua udongo wa huko masika ikishika hahitaji kuelezwa zaidi. Farasi walikufa ovyo kwa mbung'o na uchovu, na njia ya kurudi Arusha ikawa tope tupu. Na pale Kondoa, mwezi wa Mei, Waingereza waliokuwa na njaa walipigwa tena na mizinga ya Königsberg. Meli ilikuwa imezama miezi kumi kabla, na Kondoa iko mamia ya kilomita kutoka baharini.

Desemba niliwapeleka Mombasa watoto wa dada yangu, kwa njia ya Holili, Taveta na Voi, kwa hiyo tulipita katikati ya uwanja huo wote wa vita. Walilala tangu Maktau. Nilichotaka waone kiko kwenye ngome ya Fort Jesus: mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, maadui wawili wa Unguja, wamewekwa pamoja. Waingereza nao walikuwa wameiopoa mizinga ya meli yao kutoka majini.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliuzunguka mzinga wa Kijerumani, akauliza, "Mjomba, sasa meli yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hii."

Aliniangalia kama vile wateja wanavyoniangalia ninapowatajia bei. Nikamwonyesha ndani ya mtutu ile mifereji iliyojiviringa, inayolizungusha kombora ili liende sawa. Nikamwonyesha nyuma, pale kombora lilipoingizwa, na meno ya gia ya kuinua na kushusha mtutu. Rangi imepakwa juu ya rangi mpaka vichwa vya bolti vimekuwa vya mviringo. Chuma kilikuwa cha moto kiasi cha kuunguza kiganja. Mlinzi mmoja, mtu mzima, akaja taratibu: "Shikamoo mzee. Watoto wasipande, tafadhali." Hawakuwa wamepanda, mimi ndiye niliyekuwa nimeinama chini kutazama.

Ndani ya ngome mna vitu vya meli nyingine ya vita, Santo António de Tanná ya Wareno, iliyozama hapo mbele mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome. Wapiga mbizi waliichimbua miaka ya 1970. Vitu vyake ni vizuri, lakini vimo ndani ya vioo, na mimi chuma nakipenda nikiweza kukigusa.

Mabaki ya Königsberg pale Rufiji yalikatwa kuwa chuma chakavu miaka ya 1960, na Kahe sijui cha kumwonyesha mgeni zaidi ya stesheni na mto. Boma la Wajerumani la hapa Arusha, lililojengwa mwaka 1900, ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Hilo silipingi, ila ningeomba ukuta mmoja tu: ramani ya Machi na Aprili 1916, na mstari unaoonyesha mzinga ulikotoka na ulikopita.

Safari inayofuata nataka iwe ya Kigoma. Mzinga mwingine wa Königsberg ulifungwa juu ya Graf von Goetzen, meli iliyotengenezwa Papenburg, ikaletwa kwa vipande ndani ya makasha, ikaungwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wasiiache kwa adui, lakini kabla ya hapo mafundi wake walizipaka injini grisi nene kila mahali. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini bado zinafaa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Mimi ningependa kujua walitumia grisi gani. Hizi tunazouziwa hapa mjini hazimalizi masika moja.