Ardhi Mbele ya Kamera: Historia Fupi ya Filamu za Mandhari

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Hata hivyo, kutokuwa na pazia si sawa na kuona. Mtu aweza kupita kando ya mlima kila siku kwa miaka 30, kisha akiulizwa rangi yake wakati wa magharibi asiwe na jibu. Mojawapo ya kazi za sanaa ni kumsimamisha mtu huyo na kumtazamisha. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya tawi dogo la sinema lililojitwika kazi hiyo, yaani filamu za majaribio zinazohusu mandhari: filamu zisizo na hadithi wala waigizaji, na mara nyingi zisizo na neno hata moja.

Mbegu ya tawi hili ilipandwa siku sinema ilipozaliwa. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio mikanda kadhaa, kila mmoja usiotimiza hata dakika moja. Mmoja ulimwonyesha mtoto akilishwa na wazazi wake nje ya nyumba. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji hawakumshangaa mtoto. Walishangaa majani ya miti yaliyotikiswa na upepo nyuma yake. Katika michezo ya jukwaani walizoea miti iliyochorwa kitambaani, nayo haikutikisika kamwe.

Lakini sinema ilipokuwa biashara, hadithi ilitawala, na ardhi ikarudishwa kuwa kitambaa cha nyuma. Penginepo ardhi ilifanywa somo. Hapa Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, wakoloni waliendesha mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu 35, nyingi zikihusu kilimo na afya, zikazungushwa kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Katika filamu kama hizo shamba halikuwepo ili litazamwe. Lilikuwepo ili mwenyeji aambiwe namna ya kulilima. Aliyeshika kamera ndiye aliyeamua ardhi iseme nini.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, wakati wasanii wachache wa Marekani, Kanada na Uingereza walipojiuliza: itakuwaje msanii akinyamaza, na mahali penyewe paachwe paseme? Mwaka 1970, Larry Gottheim alitengeneza filamu ya dakika 11 katika Jimbo la New York. Kamera haisogei. Kwanza huonekana ukungu mtupu. Kisha polepole miti hujitokeza pamoja na nyaya za umeme zilizokatiza bonde. Katikati ya ukungu huo hupita farasi, nao wamefifia mno hata mtazamaji asiye makini asiwaone. Hakuna zaidi ya hayo. Lakini aliyewaona farasi wale hutoka akiwa amejifunza jambo juu ya macho yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, Mkanada Michael Snow alikamilisha filamu ya saa tatu iliyopigwa juu ya mlima usiokaliwa na watu, kaskazini mwa Quebec. Kamera ilifungwa kwenye mtambo maalumu uliounda mizunguko ya kila upande, hata mbingu zikawa chini na miamba ikawa juu. Naye Chris Welsby, Mwingereza, mwaka 1974 aliweka kamera kando ya kijito huko Wales kwa siku saba, ikipiga picha moja kila baada ya sekunde 10 muda wote wa mchana. Tegemeo la kamera lilikuwa la aina itumiwayo na wanafalaki, likizunguka sawasawa na dunia. Jua lilipowaka, kamera ilielekezwa chini penye kivuli chake. Mawingu yalipolifunika, ilielekezwa angani. Kwa hiyo aliyechagua cha kuonyeshwa alikuwa hali ya hewa, wala si msanii peke yake.

Kazi hii iliendelezwa na wengine. James Benning, Mmarekani aliyezaliwa 1942, alitoa mwaka 2004 filamu ya maziwa 13 ya nchi yake, kila ziwa likipewa dakika 10, nusu ya picha ikiwa maji na nusu mbingu. Kabla ya hapo, mwaka 1999, alionyesha bonde kuu la kilimo la California kwa picha 35, kila moja ya dakika mbili na nusu. Mtazamaji huona matrekta, mifereji na vibarua mashambani. Mwishoni hutokea orodha inayotaja kila mahali pamoja na mmiliki wake, na wengi wa wamiliki hao ni makampuni makubwa. Ghafla uzuri aliokuwa akiutazama kwa utulivu unamwuliza swali: ardhi hii ni ya nani?

Mwenzake Peter Hutton (1944–2016), aliyewahi kuwa baharia, alitengeneza filamu zisizo na sauti kabisa. Mwaka 2007 aliifuata hatima ya meli: inaundwa Korea Kusini, inavuka bahari, na mwisho inavunjwa ufukweni Bangladesh na watu wenye zana duni. Hakuna mhubiri anayetueleza la kufikiri. Ukimya wenyewe ndio unaotubana.

Sisi tuliolelewa katika utunzi wa mashairi hatupaswi kuziona kanuni hizi kuwa ngeni. Mtunzi anayejifunga kwa beti za mishororo 4 yenye mizani 16 hajifungi kwa sababu ya ukaidi. Anajua kwamba mipaka hulipa neno uzito. Picha 35 za muda uliolingana ni mizani ya namna yake. Upepo, ndege anayepita na kivuli cha wingu ndivyo vina vyake.

Msomaji atauliza kwa haki: je, hii si anasa ya mataifa yenye shibe? Mwalimu mwenye darasa lililofurika atapata wapi dakika 10 za kutazama ziwa? Ni kweli kwamba filamu hizi zimeonwa na watu wachache, na wengine wametoka ukumbini wakipiga miayo. Lakini kutazama kwa makini si mali ya tajiri. Mkulima asomaye mawingu na mvuvi asomaye mkondo wanao ujuzi huo tayari. Shule ndiyo inayoweza kuwapokonya watoto wao, au kuwazidishia.

Aidha, ardhi haitungoji. Kati ya 1912 na 2011, barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85. Tarakimu hiyo hutueleza kiasi kilichopotea, bali haituelezi ilikuwaje kukaa na kuitazama barafu ile asubuhi moja, mawingu yakipanda. Ushahidi wa namna hiyo hutolewa na jicho lililotulia.

Basi mwalimu na awatoe wanafunzi wake nje, wachague mahali pamoja, mti, kijito au uwanja, wapatazame kwa dakika 10 bila kusema, kisha waandike walichokiona. Wakirudi hapo baada ya masika waandike tena, na daftari zihifadhiwe. Kwa muda mrefu nchi hii ilitazamwa na wengine na kuelezwa na wengine. Kijana anayeweza kueleza kwa usahihi jinsi kivuli kinavyovuka uwanja wa shule yake ameanza kuitazama nchi kwa macho yake mwenyewe.