Warina Asali na Ndege Wao: Hesabu ya Gharama na Faida

Desturi ya kurina asali kwa kumfuata ndege ni ya kale katika Afrika ya Mashariki, na kumbukumbu yake ya maandishi inarudi nyuma angalau hadi mwaka 1609, pale mmisionari Mreno João dos Santos alipochapisha kitabu kilichoeleza kwamba huko Sofala, katika Msumbiji ya leo, ndege wadogo walidonoa nta ya mishumaa kanisani na pia kuwaongoza watu hadi penye nyuki msituni.

Wanasayansi huuita uhusiano wa namna hii usaidiano wa spishi, yaani hali ambamo viumbe wa aina mbili hunufaishana, ingawa kila upande hulipa gharama. Ndege huyo hujua nyuki walipo, lakini hawezi kupasua gogo wala kustahimili miiba ya nyuki. Binadamu ana shoka na moshi, lakini hutumia muda mwingi kutafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 na Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer ulionyesha kwamba Waborana wa kaskazini mwa Kenya, wakiwa katika eneo wasilolijua, walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata nyuki bila ndege, na saa 3.2 walipoongozwa naye.

Malipo ya ndege ni nta na mabuu, na hapa ndipo masilahi ya pande hizi mbili yanapogongana. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwekea ndege masega juu ya majani mabichi kama ujira wake, ilhali Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, mara nyingi huyachoma au kuyafukia mabaki, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza.

Mwaka 2002, Holland, DeAngelis na Bronstein walieleza kwamba faida na gharama za usaidiano hubadilika kadiri idadi ya wabia inavyobadilika: faida hufikia kikomo huku gharama zikiweza kuendelea kupanda, na kwa sababu hiyo spishi zinazosaidiana haziongezeki bila ukomo. Kwa mantiki hiyo, ndege wakiwa wengi hugombania masega yale yale, na warinaji wakizidi, nyuki wa mwituni hupungua na kila mmoja hupata kidogo.

Hata hivyo, ndege huyu hategemei binadamu pekee, kwa kuwa hula wadudu pia na hutaga mayai katika viota vya ndege wengine wanaomlelea makinda. Kwa hiyo pale sukari ya dukani na mizinga ya kufugia nyuki inapochukua nafasi ya asali ya mwituni, au pale urinaji unapopigwa marufuku ndani ya hifadhi, kinachotoweka kwanza si ndege bali mwenendo wake wa kuongoza, ambao haumlipi tena.

Wanaosimamia misitu na hifadhi hawana budi basi kumhesabu mrina asali kuwa sehemu ya mazingira wanayoyalinda, kwani kuwalinda ndege bila kuwalinda warinaji ni kuhifadhi spishi na kuupoteza ubia wenyewe.